Sikio Lililotangulia Vidole

Mtu mzima anapoketi kwa mara ya kwanza na gitaa pajani, hukutwa na hali ambayo mtoto haijui: sikio lake, lililokwisha kusikiliza muziki kwa miaka thelathini au arubaini, latambua mara moja sauti iliyo njema na iliyo mbovu, ilhali vidole vyake, ambavyo siku zote kazi yake ilikuwa kushika kalamu, jembe au usukani, haviwezi kutoa hata sauti moja ambayo sikio lile litairidhia. Mtoto hucharaza ovyo akafurahi, kwa kuwa hajui bado kilicho bora. Mtu mzima huona haya mbele ya masikio yake mwenyewe. Mimi nilianza ala hii nikiwa na umri wa miaka 44, na nimekuja kuamini kwamba wengi katika watu wazima walioliacha gitaa hawakushindwa na vidole, bali walishindwa kustahimili masafa yaliyo baina ya sikio na kidole. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi masafa hayo yanavyopunguzwa.

Niliponuia kuanza, jamaa zangu walinikumbusha, tena kwa nia safi, kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Methali hiyo ina ushahidi wake. Mwaka 1995 wataalamu wa Ujerumani na Marekani walitangaza uchunguzi wao juu ya wapigaji wa ala za nyuzi, wakaonyesha kwamba sehemu ya ubongo ipokeayo hisia za vidole vya mkono wa kushoto imepanuka kwao kuliko kwa watu wasiopiga ala, na kwamba walioanza utotoni ndio waliozidi. Lakini mwaka 2004 uchunguzi mwingine, uliofanywa pia Ujerumani, uliwachukua watu waliokwisha kukua wasiojua mchezo wa kurusha na kudaka mipira mitatu, ukawaacha wajizoeze muda wa miezi mitatu, na picha za bongo zao zikaonyesha sehemu fulani zimeongezeka. Na walipoacha mazoezi, ongezeko lile likapungua. Basi samaki mkavu naye hukunjika, ila hataki kuachwa: akiachwa hurudi alivyokuwa. Yeyote aanzaye gitaa ukubwani na aichukue habari hii kuwa ndiyo kanuni yake, kwamba siku zisizopigwa gitaa zina gharama kubwa kuliko siku zilizopigwa vibaya.

Gitaa ninalolisema ni lile lisilotumia umeme, ambalo wapigaji wetu huliita gitaa kavu, na wazee wengine hadi leo huliita galatoni, kwa jina la chapa ya Gallotone iliyotoka Afrika Kusini. Watu wa mwambao si wageni wa vyombo vya namna hii, maana gambusi na udi vilikuwako kwao zamani, na aliyezoea kumtazama mpiga udi wa taarabu amekwisha kuona kwa macho kwamba uzi ukibinywa karibu na tumbo la chombo hutoa sauti nyembamba kuliko ukiachwa huru. Tofauti ni kwamba shingo ya udi ni laini tupu, na mpigaji huitafuta sauti kwa uzoefu wake, lakini shingo ya gitaa imepachikwa vijiti vya chuma, viitwavyo freti, vinavyoikata sauti mahali pake hasa. Katika gitaa la nyuzi za nailoni, ambalo umbo lake tulijualo lilikamilishwa kwa sehemu kubwa na Antonio de Torres, fundi wa Almería katika nchi ya Hispania, karne ya 19, uzi ulio huru una urefu wa milimita 650 takriban. Freti ya 12 imekaa katikati ya urefu huo, na ukibonyeza hapo utasikia sauti ileile ya uzi mtupu iliyopanda oktava moja. Uzi peke yake una sauti ndogo mno. Ni daraja, yaani kipande kinachozishika nyuzi juu ya tumbo, lipelekalo mtikisiko wake kwenye ubao wa juu, na ubao utikisao hewa iliyomo tumboni, hata chumba kizima kikasikia.

Kabla ya kulaumu vidole, mwanafunzi na akichunguze chombo. Gitaa langu la kwanza nililinunua dukani, na muuzaji, nilipomweleza kwamba siku ya tatu tu ncha za vidole zilikuwa zimevimba, alinijibu kwamba maumivu ni sehemu ya elimu. Nami nikamsadiki kwa muda wa miezi miwili. Fundi mmoja wa mtaani ndiye aliyeweka rula kwenye freti ya 12 akanionyesha kwamba nyuzi zangu zilikuwa zimeinuka milimita tano, ilhali zilipasa kuwa mbili na nusu au tatu. Alikitoa kile kipande cha mfupa kilichomo darajani, akakisugua kwa msasa upande wa chini, akakirudisha, na kazi hiyo haikuchukua hata saa moja. Jioni ile nilibonyeza nyuzi zilezile kwa nusu ya nguvu, na nilihuzunika kufikiri ni wangapi walioziweka ala zao nyuma ya kabati wakiamini kwamba hawakujaliwa kipawa, kumbe walikosa mtu mwenye rula na msasa.

Kadhalika mwanafunzi na achague nyuzi kwa busara. Nyuzi sita za chuma zikikazwa sawasawa huivuta shingo kwa nguvu ipatayo kilo 70, na za nailoni hazifiki kilo 45. Kwa hiyo nailoni ni rahimu zaidi kwa kidole kichanga, na nyuzi za chuma zisitiwe kamwe katika gitaa lililojengwa kwa ajili ya nailoni, kwani huenda zikaling'oa daraja. Nasi tukaao karibu na bahari tunajua jinsi hewa ya chumvi ilavyo chuma: mwenye nyuzi za chuma na azipanguse kwa kitambaa kikavu kila amalizapo kupiga, wala asiliache gitaa ndani ya gari juani, kwa sababu gundi ishikayo mbao hulainika kwa joto.

Jambo la kwanza la kila siku ni kuzilinganisha nyuzi, au kutuni kama wasemavyo wapigaji. Majina yake, kuanzia uzi mnene wa juu, ni E, A, D, G, B, na E nyembamba. Ubonyeze uzi mnene kwenye freti ya tano, upate sauti ya A. Uzi wa pili uliokazwa vema utatoa sauti hiyohiyo ukiwa huru. Fanya vivyo hivyo kila uzi kwa ufuatao, isipokuwa toka G kwenda B, ambapo freti ni ya nne. Siku hizi simu ya mkononi ina programu zinazoonyesha kwa mshale kama uzi umelegea au umekazwa kupita kiasi, na si vibaya kuzitumia. Lakini nasihi yangu ni kwamba mtu mzima aisikilize kwanza sauti, kisha ndipo atazame simu. Sauti mbili zilizokaribiana bila kulingana hupigana, ukasikia wimbi linalopanda na kushuka. Kadiri zinavyokurubiana wimbi lapungua mwendo, na zinapokutana latoweka. Hapa ndipo sikio lile lililotuonea tangu mwanzo linapotulipa, kwani mtu aliyesikiliza muziki nusu ya umri wake hulisikia wimbi lile upesi.

Mkono wa kushoto hauhitaji nguvu kama watu wadhanivyo. Kidole kibonyeze karibu kabisa na freti, nyuma yake kidogo, kwa ncha na si kwa nyama ya ubavuni, nalo gumba litulie nyuma ya shingo. Sugu huanza kuota baada ya wiki mbili au tatu, na kuanzia hapo maumivu hupungua. Kodi, yaani sauti kadhaa zinazopigwa pamoja, zianze na E maina, ambayo yataka vidole viwili tu, cha kati na cha pete, kwenye freti ya pili ya nyuzi za A na D. Kisha A maina, C, G na D. Kodi ya F, ambamo kidole cha shahada hulazwa kubana zaidi ya uzi mmoja, ndiyo lango ambalo wengi hurudi nyuma walifikapo. Na ingoje miezi, hapana haja ya kuigonga kichwa mapema. Muda wa dakika ishirini kila siku hushinda saa tatu za Jumapili, kwa sababu kidole hujifunza pia kati ya zoezi na zoezi, hata mtu akiwa usingizini. Mimi nilikuwa nikiweka saa kwa dakika moja, nikahesabu ni mara ngapi naweza kutoka E maina kwenda C nikarudi, kisha nikaandika idadi ile daftarini. Wiki ya kwanza ilikuwa tisa. Mwezi wa tatu ilikuwa arubaini na moja.

Lakini kosa langu kubwa halikuwa mkono wa kushoto, na sikulijua mpaka nilipopata mwalimu, kijana aliyekuwa na umri wa mwanangu. Kila siku alinipa shikamoo mlangoni, nami nikaketi mbele yake kama mwanafunzi. Mwanzoni mpindo huo wa desturi ulinitia haya, kisha ukanipendeza. Siku moja alinisimamisha akasema, "Baba, kila unapobadili kodi mkono wako wa kulia unasimama kuungoja wa kushoto. Uache uende. Kodi ikichelewa na ichelewe, lakini mapigo yasikatike." Maneno yale yalinigusa, kwa maana nilikuwa nikisimama kwa ajili ya sikio: nilikataa kuendelea mpaka sauti itakate. Yeye alinifundisha kwamba msikilizaji husamehe sauti iliyokosewa na kupita, ila pengo katika mapigo halisameheki, kama vile shairi livumiliavyo neno dhaifu lakini halivumilii mizani iliyopungua.

Na kwa mkono huo wa kulia, msemaji wa Kiswahili ana ustadhi wake. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akinasa nyimbo, alimnasa katika mji wa Jadotville, Katanga, ambao leo ni Likasi, kijana aitwaye Jean Bosco Mwenda, naye akapata sifa iliyovuka mipaka kwa wimbo wa "Masanga". Alipiga kwa vidole viwili tu vya mkono wa kulia, gumba na shahada: gumba likatembea kwenye nyuzi nene likishika besi, shahada ikapanda na kushuka na wimbo kwenye nyuzi nyembamba, hata asiyemwona akadhani wapigaji ni wawili. Magharibi ya Kenya nako George Mukabi na wenzake wa mtindo wa omutibo walipata muziki wa kuchezeka kwa gitaa kavu na chupa ya soda iliyogongwa kwa mapigo. Atakaye kufuata njia hiyo na alifunze gumba peke yake kwanza, likibadilishana nyuzi mbili kwa hesabu ya nne, mpaka aweze kuitikia salamu ya mpita njia bila gumba kusita. Ndipo aikaribishe shahada, sauti moja moja.

Mwezi wa nane nilikuwa nimeketi barazani jioni, mama yangu akichambua mchele katika ungo, nami nikipiga kodi tatu za wimbo wa harusi alioupenda tangu ujana wake. Sikumwomba aimbe. Alianza kwa sauti ya chini, macho yangali kwenye mchele, na tulipofika mahali pa kugeuka, kodi ya tatu ikanichelewa kama kawaida yake, nami nikauacha mkono wa kulia uende. Mama hakunyamaza wala hakuniangalia. Alilivuta neno lile, akalivuta tena, likakaa juu ya mapigo, mpaka vidole vyangu vikafika, ndipo akalishusha tukaendelea.