Shokapu Haibebi Mzigo: Kweli na Uongo wa Vijiweni

Gari linaloacha lami ya Singida–Nzega na kuingia vumbi la Mkalama, upande wa Kinyangiri, halikosi kuitiwa fundi. Na shokapu husingiziwa mengi.

“Gari limelala nyuma kwa magunia ya alizeti, shokapu zimekufa.”
Si kweli. Mzigo unabebwa na springi. Shokapu kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kurukaruka: pistoni husukuma oili kupitia vitundu vidogo, na nguvu ya mtikisiko hugeuka joto. Ndiyo maana baada ya barabara mbovu huwa ya moto. Gari likilala, kagua springi, au punguza magunia.

“Shokapu ikifa, gari huwa gumu.”
Mara nyingi ni kinyume chake, na hapa ndipo watu wanapodanganyika. Gari huanza kubembea. Abiria wa nyuma kwenye Noah anaweza hata kulisifia kwamba limekuwa laini. Lakini kila linapobembea, tairi hupungua kushika ardhi, na pengine huiacha kabisa. Tairi lililo hewani halifungi breki wala halikati kona. Dalili zake: pua inazama ukikanyaga breki, gari linayumba likipishana na lori, tairi linalika kwa mabaka. Ugumu wa ghafla una sababu nyingine, kama upepo kuzidi au shokapu iliyopinda ikakwama.

“Ikivuja, toboa, jaza oili, ziba.”
Uongo, tena wa hatari kwa zile za gesi, maana ndani kuna naitrojeni yenye mgandamizo. Oili ilitoka kwa sababu sili imekwisha au vumbi limechubua fimbo. Mpya itapita njia ile ile. Ila unyevunyevu kidogo tu kwenye fimbo si ugonjwa. Huku kwetu mvujo wa kweli haujifichi: vumbi huganda kwenye oili likawa tope jeusi mwilini mwa shokapu.

“Bonyeza boneti, likitulia, ni nzima.”
Nusu kweli. Likidunda zaidi ya mara mbili, shokapu hazifai. Likitulia, bado hujathibitisha kitu, kwa kuwa mkono hauwezi kuiga kasi ya vijituta vya barabara ya vumbi.

“Badilisha ile mbovu tu.”
Hapana. Zinabadilishwa mbili mbili, kushoto na kulia. Na spesa za kuinulia gari hazitibu shokapu iliyochoka.

“Ni kufungua nati tu.”
Kwa shokapu za mbele za IST na ndugu zake, sentensi hii inaweza kumuua fundi. Huo ni mfumo wa Earle MacPherson, mhandisi wa Marekani, ambao Ford waliutumia kwenye Consul tangu 1950: shokapu imepita katikati ya springi iliyobanwa. Nati ya juu haiguswi kabla springi haijakazwa kwa kompresa yake. Waya na kamba ni kucheza na risasi. Ukimaliza, kacheki alaimenti.

Kelele ya kogo-kogo ikibaki hata baada ya kufunga mpya, usimrudie muuza spea kwa hasira. Anza na linki za stabilaiza na maunti za juu. Mara nyingi ndizo zilizokuwa zikigonga tangu mwanzo, na linki ni za bei ndogo kuliko shokapu.