Naivasha Ngapi? Kuseti Jikoni Ndani ya Nganya Iliyostaafu

Kaa hapo kwa kiti ya dere nikupee form.

Sisi mbogi ya watu wanne tulichanga doo tukanunua mat. HiAce, ile ya watu kumi na nne, imebeba wasee hadi shoks zikasahau kazi yao. Tukang'oa viti zote. Tukafuta ile laini ya yellow ya enzi za waziri Michuki. Tukatia kitanda, kabati, kaunta ya mbao. Sahii ni camper, buda. Camper! Lakini vitu kwa ground ni different, juu kila stage tukipita kuna mathe wa kiondo ananyoosha mkono: "Naivasha ngapi?" Mmoja hapo Limuru alifungua mlango, akaona sinki, akauliza kwani siku hizi tunaosha vyombo kwa gari. Alafu akaingia tu.

Utaniuliza mbona mat na si ile RV ya majuu yenye inakaa keja imevaa magurudumu. Gava haitaki, msee. Moti ya kuingia Kenya lazima ikuwe na usukani kulia, na isizidi miaka 8 tangu itengenezwe. RV za Marekani ziko na usukani kushoto. Story imekufa hapo. So camper ya Kanairo inazaliwa garage, na jikoni yake haiji ikiwa imekamilika. Unaokota kitu moja moja. Na hapo kwa kuokota ndio wasee wanachomanga mbaya.

Mtu wa kwanza kuchoma alikuwa beshte yangu. Jina naificha, tumuite tu Bro wa Air Fryer. Bro alikuwa ameona video moja ya manzi flani majuu, ako kwa van, ufuo nyuma yake, anatoa chips kwa air fryer akicheka pekee yake. Bro akaamua hiyo ndio life. Hata kabla tupate mlango yenye inafunga, air fryer ilikuwa imefika kwa boksi. Nyeusi. Ya touch. Inawaka blue.

Sasa hesabu, na usihepe juu hii ndio story yenyewe. Betri poa ya lithiamu ya 100Ah ina volti 12.8. Zidisha: inabeba wati-saa 1,280. Hiyo ndio pochi yenu nyote. Kila appliance ni beshte anakuja kukopa, na hakuna mwenye atarudisha. Air fryer inakula wati 1,500. Pika chips dakika 20, imekunywa 500. Kama asilimia 40 ya pochi imeenda kwa waru! Waru zenye ungepata kwa kibanda, zimekaangwa kwa mafuta ya tangu Jumatatu, na ziko na ladha kushinda.

Na hizo 500 ni kama inverta imekubali. Yetu ilikuwa imeandikwa 2,000W kwa ubavu, herufi kubwa kama jina ya nganya. Tuliibuy duka flani, sitasema. Kumbe hiyo 2,000 ni ile ya kushtuka sekunde moja alafu inazimia. Kazi ya ukweli ilikuwa nusu. Bro akabonyeza START, blue ikawaka, inverta ikalia "piiii", giza. Wati 1,500 kwa volti 12 ni ampea kama 125, na ukihesabu zenye zinapotea njiani ni zaidi. Waya ya hiyo kazi inatakiwa inone kama kidole gumba. Yetu ilikuwa nyembamba kama ya earphone. Ilinuka wiki mbili.

Mzae wangu akaskia hiyo story akacheka hadi akatoa miwani. "Sisi tulipika na mawe matatu." Wazae bana. Kila kitu ni mawe matatu. Ubonge inverta, mawe matatu. Ubonge WiFi, mawe matatu. Mzae, utaweka wapi mawe matatu kwa HiAce? Kwa dashboard?

Kettle ya stima pia usinunue. Inakaa innocent. Lakini lita moja ya maji ya chai inakula kama wati-saa 100, na Mkenya hanywangi chai mara moja. Watu wanne, chai ya mangware, ya saa nne, ya jioni, na ile ya "nimeskia baridi kidogo". Jua likizama pochi imetoboka. Microwave ndio ile ile: imeandikwa 700 kwa mlango, kumbe hiyo ni yenye inaingia kwa dishi. Kwa betri inavuta kama 1,100. Induction? Wati 2,000. Ukikuwa na doo ya betri za kubeba hiyo, msee, hauhitaji camper. Lala hoteli.

Sola inasaidia, siwezi danganya. Paneli ya wati 200 kwa roof, siku ya jua poa, unaeza vuna kama wati-saa 800. Siku ya mawingu ya Limuru unavuna maombi.

So kitu gani inastahili hiyo stima? Friji. Hapo ndio kumwaga ganji, na hapo ndio tulichoma mara ya pili.

Kuna aina tatu na watu wa maduka hawatakuambia tofauti, wataita zote "car fridge" wakitabasamu. Ya kwanza ni ile box ya plastic yenye kafeni kadogo, inachomekwa kwa shimo la sigara. Bei ya mtaa. Tukaibuy, tukajiona waerevu. Tukadunda Magadi. Sasa Magadi si mahali, Magadi ni oveni yenye imewekwa flamingo. Hiyo box haitengenezi baridi yake kama friji ya keja. Inatoa tu digrii kama 20 kwa joto ya hapo nje. Nje ikiwa 38, ndani utapata 18. Nyama kwa 18 si nyama, ni kesi. Tulitoka Kiserian na maziwa, tukafika na mala. Na hiyo takataka haipumziki: inanyonya wati kama 50 mchana na usiku, siku nzima imemaliza betri yote. Stima ya friji, kazi ya kivuli cha mti.

Ya pili ni ile ya gesi, absorption. Haina injini, haitoi sauti, inawasha mwali kadogo alafu maajabu, kunakuwa baridi. Iliundwa 1922 na machali wawili wa campus huko Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters. Respect kwao. Lakini Stockholm kuna baridi na barabara imenyooka. Hii friji inataka usimame sawa kama meza ya pool, juu ndani kuna amonia inazunguka kwa mvuto tu, ukiegesha upande inagoma. Na joto ikizidi inachoka. Campsite za huku zote ni mlima. Tumesare.

Ya tatu ndio baba lao: kompresa ya volti 12. Hii ni friji kamili yenye imefupishwa. Inagandisha barafu hata Magadi, haijali ukiegesha umeinama kidogo, na ikishafika baridi inanyamaza. Ya lita 40 hivi inakula kama wati-saa 400 kwa siku, na paneli ya 200 inailipia. Bei? Aki nilikaa chini. Zile za majina kubwa, Dometic na wenzake, ni rent ya bedsitter miezi mob. Kuna za China zenye ziko na bei ya binadamu na zinafanya. Tulichukua ya China. Hatujutii. Ukiwa unabuy, uliza swali moja tu: "Iko na kompresa?" Akianza kuzunguka, toka nduki.

Kupika sasa. Hapa sina maringo. Meko.

Eeh, meko. Mtungi wa kilo 6, ile ya ukiwa college. Bro wa Air Fryer alinuna, eti haina aesthetics. Skiza aesthetics: kilo 6 za gesi zimebeba nguvu ya betri kama 60 za ile yetu ya lithiamu. Sitini! Nusu ipotee kwa upepo na kwa kingo za sufuria, bado unachemsha kama lita 400 za chai. Na ikiisha Nanyuki, unabadilisha mtungi kwa duka ya pili ukishuka. Jaribu kubadilisha betri ya lithiamu Nanyuki.

Lakini usiweke tu pale miguuni kama uko keja. Gesi ya kupika ni nzito kushinda hewa. Ikivuja haipandi, inalala chini kama maji, inajaza floor ya gari polepole, inangojea mtu awashe sigara. So kabati ya mtungi inatobolewa shimo chini kabisa, itoke nje. Mtungi unasimama wima, umefungwa na mkanda. Mshipi ya kiti ya zamani inafanya hiyo mboka, tulibakisha moja. Maji ya sabuni kwa viungo vya paipu, ukiona povu inapanda, zima. Na ukipika, mlango wazi. Hata mvua inyeshe.

Alafu kuna hii, na hapa sicheki. Tulikuwa tunaenda Nyahururu, juu huko mita 2,300, baridi ya kukung'ata meno. Mzae akanipigia simu: "Beba jiko ya makaa. Moshi ikiisha, makaa ikiwa red, ingiza ndani, funga, mlale joto." Hii advice imezika watu nchi hii, na bado inapeanwa na sura ya hekima. Makaa red ndio inatoa ile sumu haina harufu, haina rangi, haina moshi. Unalala, hauamki. Meko pia si hita. Kama kuna baridi, vaa marvin, leta blanketi. Makaa inabaki nje na nyama choma.

Sawa, turudi kwa ujinga. Sista ya beshte alituletea waffle maker kutoka majuu. Yaani zawadi. Stima ya Marekani ni volti 120, yetu ni 240, na inverta zinauzwa huku zinafuata hiyo yetu. Ilidumu kama ahadi ya campaign. Ukiletewa kitu, pindua, soma kasticker ka chini. Ikiwa imeandikwa 120 pekee, ni mapambo.

Ya kununua bila kufikiria ni pressure cooker, ile ya kawaida ya kuweka juu ya moto. Maji ya Nyahururu yanachemka kabla ya kufika 100, karibu 92. Ndio maana dondo zinatokota masaa na bado ni mawe. Pressure cooker inafunga mvuke, joto inapanda, gesi inabaki. Inapiga makelele kama konda wa Rongai lakini chapo dondo inatoka leo.

Na sasa siri. Usiambie mtu, haswa mzae wangu.

Shosho yangu ako na kikapu. Unaijua, zile za chama: kikapu, ndani imeshonwa na sponji na vitambaa, na kamto ka kufunika. Inaitwa fireless. Unachemsha dishi kidogo, unaifunika na moto wake, unaitumbukiza ndani, inajimalizia yenyewe. Nilikuwa naicheka tangu nikiwa class three. Siku moja gesi ilikuwa inakaribia kuisha, tukachukua hiyo kikapu ocha. Wali ukachemka Thika, ukaingia kwa kikapu, tukadunda. Kufika Karatina umeiva, moto, haujashika chini. Wati sifuri. Dishi inapika ukiendesha!

Kwa story za Insta tumeiita "slow cooker, handmade". Manzi watatu wameuliza tuliibuy wapi. Bro wa Air Fryer anasema iko na aesthetics. Shosho akijua tutalipishwa, na mzae akijua, mawe matatu itakuwa wimbo wa taifa.

Maji ni jerikeni ya lita 20 na bomba ya plastic ya kufungua na kidole. Pampu ya stima ni ya watu wenye hawajui mvuto.

So list ya shopping ni hii: friji ya kompresa, meko, pressure cooker, kikapu ya shosho. Air fryer inauzwa online, haijashikwa hata mara mbili, boksi iko, ukiitaka tubonge. Na ukituona kwa stage, tafadhali usisimamishe, hatubebi watu. Labda ukuwe na mtungi umejaa. Hapo panda, Naivasha ni sare.