Katuni ya Kufundisha Kazi

Kijana anayesomea animesheni akipata mteja wa kwanza Moshi, yaelekea hatakuwa mtu wa filamu. Huenda ni chama cha msingi cha wakulima wa kahawa, au kampuni ya kupandisha watalii mlimani inayotaka kuwafunza wapagazi wake. Wanahitaji katuni ya dakika tatu ya kuelekeza kazi. Wengi huiona kazi hiyo ndogo. Mimi naiona ngumu kuliko hadithi, kwa kuwa mtazamaji akishatazama anakwenda kufanya.

Tuchukue kahawa. Matunda mekundu yakishachumwa na kumenywa siku hiyohiyo, mkulima huzivundika punje ili ute ulioshika ganda ulegee na kuachia. Zikitolewa mapema, ute unaobaki unaharibu ladha. Zikikaa mno, zinanuka na bei inashuka. Basi zivundikwe saa ngapi? Mwanafunzi asiyefika shambani atachora saa ya ukutani, mishale ikizunguka. Lakini kahawa ya Kilimanjaro hulimwa takriban kati ya mita 1,000 na 1,800 juu ya usawa wa bahari, na uvundikaji huendeshwa na joto. Kwenye mashamba ya chini ute waweza kuisha kwa siku moja. Juu Kibosho au Machame, penye baridi, siku mbili hata tatu. Mkulima mzoefu hategemei saa. Anachota punje kiganjani, anazisuuza, anazisugua. Zikiteleza, bado, zikikwaruza na kulia kama changarawe, tayari.

Alama hiyo ya mkononi ndiyo somo lenyewe, na mguso hauna picha. Msanii atafute njia ya kuuonesha: viganja vijae skrini nzima, punje zenye ute zipite vidoleni bila kukwama, sauti yake ya majimaji. Kisha tendo lilelile, kwa pembe ileile, punje zikikwama kidogo na kukwaruza. Kibadilike kitu kimoja tu. Kilele cha Kibo na migomba inayopepea vinapendeza, lakini hapo vinamwibia mkulima macho, viondolewe. Sauti ya kukwaruza nayo irekodiwe kwa kahawa halisi, kwa mkulima halisi; hiyo peke yake inatosha kuwa sababu ya kupanda gari kwenda kijijini.

Dakika tatu kwa fremu 24 kila sekunde ni fremu 4,320. Hata kila mchoro ukikaa fremu mbili, ni michoro 2,160. Mteja akigundua wakati huo kwamba hatua ya kuosha imewekwa mahali pasipo pake, atakayelia ni mwanafunzi. Kwa hiyo storibodi, yaani michoro michache ya hatua zote kwa mpangilio, ipitiwe na mtaalamu wa kahawa na kutiwa saini na mteja kabla ya kuhuisha chochote. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, iko Lyamungu, si mbali na mji. Mkataba nao utaje idadi ya marekebisho yaliyomo ndani ya bei.

Sauti ya msimulizi itengwe na picha. Wazo hilo si geni kwetu: kati ya 1935 na 1937, mradi wa filamu za elimu uliokuwa Vugiri, Usambara, uliweka maneno kwenye sahani za santuri mbali na filamu, ili picha moja itumike kwa lugha kadhaa. Mpango wa SAWBO, ulioanzia Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, huzitia katuni zake za kilimo na afya sauti za lugha nyingi kwa namna hiyohiyo. Mlimani hapa Kimachame na Kirombo vinatofautiana sana, kwa hiyo maandishi yasichorwe ndani ya picha.

Kabla ya kupaka rangi, rasimu ioneshwe wakulima wachache bila sauti, kila mmoja aeleze anachokiona. Wakitofautiana kwenye kile kipande cha viganja, kichorwe upya. Gharama ya jaribio hilo, pamoja na nauli, iwemo kwenye bei tangu siku ya kwanza.