Lenzi za rangi: Jicho hupimwa kabla ya rangi kuchaguliwa

KWA msichana aishiye katika nyumba za Nyayo Highrise, jijini Nairobi, safari ya urembo si ndefu. Hufika Soko la Kenyatta, maarufu kwa wasusi wake, na saa chache baadaye akarejea kasukwa nywele. Siku hizi wapo watakao zaidi ya hayo: macho ya rangi ya asali, kijivu au kijani, kwa kuvaa lenzi nyembamba zikaazo juu ya jicho lenyewe.

Nywele zikisukwa vibaya hufumuliwa. Konea, yaani utando angavu ulio mbele ya mboni, ikiingia kidonda huweza kubaki na kovu la kudumu, na kovu likikaa katikati humnyima mtu uwezo wa kuona.

Konea haina mishipa ya damu. Hupata oksijeni kutoka hewani kupitia machozi. Lenzi isiyolingana na jicho, au ambayo mwenyewe alilala nayo, hupunguza hewa hiyo na kuvipa viini vya maradhi mwanya wa kupenya.

Ndiyo maana mtaalamu hupima mviringo wa jicho, upana wa lenzi ifaayo na nguvu yake. Vipimo vya miwani havitoshi, kwani miwani hukaa yapata milimita 12 mbele ya jicho ilhali lenzi huelea juu ya machozi. Hata aonaye vyema, atakaye rangi tu, hana budi kupimwa. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2005 kwamba lenzi zote za machoni, zikiwemo za urembo, ni vifaa vya tiba. Lenzi ziuzwazo kama bangili, bila swali lolote kuhusu jicho la mnunuzi, hazifai kununuliwa.

Kuhusu rangi yenyewe, wengi wetu tuna macho ya kahawia iliyokoza, na rangi hafifu haionekani juu yake. Hutakiwa lenzi ya rangi nzito, iliyoachwa tundu angavu katikati ili mvaaji aone. Gizani mboni hupanuka kupita tundu hilo, naye akaona ukungu pembeni. Dereva wa usiku na alizingatie hilo.

Linalosahaulika zaidi ni maji. Katika mitaa ambako maji huja kwa zamu na kuwekwa mitungini, ni rahisi mtu kuisuza lenzi kwa kikombe. Hata maji yafaayo kunywa huweza kuwa na amiba aina ya Acanthamoeba, ambaye hushambulia konea na kusababisha maumivu makali. Tiba yake huchukua miezi. Lenzi husafishwa kwa dawa yake pekee, kwa mikono iliyonawiwa ikakaushwa, na kikebe chake hubadilishwa kila baada ya miezi mitatu. Mate hayafai, wala kuazimana kama hereni. Asiyemudu kununua dawa hiyo kila inapokwisha, kwa maoni yangu, heri avae miwani, ambayo nayo ina urembo wake.

Jicho likiwa jekundu, likiuma, likichukia mwanga au likiona ukungu, toa lenzi papo hapo. Usiitupe, nenda nayo kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo. Kwa mkazi wa Nyayo Highrise, Hospitali Kuu ya Kenyatta haiko mbali.