NYUMBA IKIPIGWA MNADA, MAPENZI YATALALA WAPI?

Mwezi uliopita mume wangu aliniletea karatasi za mkopo wa nyumba nisaini. Mkono ukagoma. Sio kwamba simwamini, la hasha! Ila hapa Tanzania, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka ridhaa ya mwenza kabla nyumba ya ndoa haijawekwa rehani. Kwa maana hiyo saini yangu sio pambo. Nikamwambia, "Baba Neema, nipe wiki mbili nisome kwanza." Akacheka, "Wewe nawe na kusoma!"

Nikasoma kweli. Na kisa kilichoninyima usingizi kinatoka mbali, Hispania.

Mpenzi msomaji, kule kabla ya mwaka 2008 mikopo ya nyumba ilikuwa inagawiwa kama njugu. Kisha soko la nyumba likaanguka na ajira zikapukutika. Kufikia mwaka 2013, zaidi ya robo ya nguvu kazi ya nchi haikuwa na kazi. Marejesho yakashindikana, nyumba zikaanza kunadiwa. Sasa sikia kali kuliko zote: nyumba ikishachukuliwa na bei yake isifikie deni, unaendelea kudaiwa. Yaani nyumba huna, deni unalo!

AIBU YA CHUMBANI

Hebu vuta picha. Mume anaficha barua za benki, mke anajifanya hazioni. Nani atamwambia mama mkwe? Ndoa ngapi zinakufa kimyakimya kwa sababu ya siri kama hiyo?

Februari 2009, watu wa Barcelona walianzisha umoja wa walioathirika na rehani, unaojulikana kwa kifupi kama PAH. Mmoja wa waanzilishi alikuwa mwanamama Ada Colau. Kilichonigusa ni mikutano yao. Anayefika mara ya kwanza anasimulia yaliyomkuta mbele ya wenzake, na waliotangulia kupita njia hiyo wanamwelekeza. Hapo ndipo anagundua kumbe hayuko peke yake, na kwamba kushindwa kulipa hakumfanyi kuwa mtu wa ovyo. Aibu ikishatoka, sauti inarudi. Novemba 2010 wakasimama mlangoni kwa mwenzao na kuzuia asitolewe nje, kwa mara ya kwanza.

WAKAWAGEUKIA WAOMBA KURA

Hawakuishia mlangoni. Walikusanya saini zaidi ya milioni 1.4, wakati sheria ilitaka 500,000 tu, wakaliomba Bunge libadilishe sheria ili mtu akikabidhi nyumba deni liishe. Mwaka 2013 Bunge likapitisha sheria nyingine, na ombi hilo kuu halikukubaliwa kama walivyotaka. Mwaka huohuo wakaanza kuwafuata wabunge hadi majumbani mwao na vibandiko vya kijani vilivyosema "inawezekana" na vyekundu vilivyosema "ila hawataki". Wapo walioona wamevuka mpaka. Kiukweli, ningekuwa mtoto wa mbunge huyo, ningeogopa.

Kabla ya uchaguzi wa Desemba 2015 wakaja na mbinu nyingine. Wakaandika madai matano: deni liishe nyumba ikikabidhiwa, kodi za pango ziwe nafuu, watu wasitupwe nje, ziongezwe nyumba za jamii, na maji, umeme na gesi visikatwe kwa wasio na uwezo. Wakavipelekea vyama na kuvitaka viyaweke kwenye ilani zao. Vipo vilivyokubali, vipo vilivyokwepa. Lakini mpiga kura alijua nani amesema nini.

Usidhani waliishi raha mustarehe. Julai 2015 bunge la jimbo la Catalonia lilipitisha kwa kauli moja sheria iliyotokana na saini za wananchi, lakini mwaka 2016 Mahakama ya Katiba ikasimamisha sehemu yake. Colau mwenyewe alikuwa meya wa Barcelona kuanzia 2015 hadi 2023, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo, na bado watu waliendelea kutolewa kwenye nyumba, wengi wao safari hii wakiwa wapangaji.

TULIVYOAMUA

Wiki mbili zilipoisha, tulikaa mezani mimi na Baba Neema. Mmoja wetu akipoteza kazi, tunalipaje? Barua ya benki ikija, nani anaifungua? Tukakubaliana: inafunguliwa tukiwa wawili. Halafu nikasaini, kwa mkopo mdogo kuliko ule aliouleta.

Na mgombea atakapokuja mtaani kwetu na fulana na khanga zake, nitapokea khanga. Kisha nitamuuliza mbele za watu: mheshimiwa, familia ikishindwa kulipa, utaisaidiaje isiishie barabarani? Jibu naomba kwa maandishi, na saini yako chini.

Kama benki inataka saini yangu, na mimi nataka ya kwake. Wewe je, shosti, utauliza nini? Kazi kwako!