Profesa Mgumu, Mzigo Mzito na Haki ya Ushahidi

Idi iliyopita binti mmoja wa mtaani petu, asomaye uhandisi wa ujenzi katika chuo kimoja cha bara, alirudi nyumbani kusherehekea na jamaa zake. Wageni walipokwisha kuondoka alimwambia mamake neno moja zito: "Mama, nataka kubadilisha kozi." Hakuwa amefeli. Kilichomvunja moyo, alisema, ni profesa wa somo la mihimili na mizigo: hesabu kila wiki, ripoti za maabara, michoro, na majaribio yasiyotangazwa.

Mama alitujia akiwa amekwama baina ya majibu mawili tunayoyajua sote. La kwanza ni kusema, "Vumilia mwanangu, mwalimu hakosolewi." La pili ni kusema, "Achana naye, usijitese." Tuliona kwamba yote mawili hufunga mlango kabla mtoto hajasikilizwa.

Basi tuliketi na binti, tukamwuliza wenziwe husemaje. Naye, kwa uadilifu, alitueleza ya pande zote. Wako wanaomsifu profesa huyo kwamba huanza na mfano mwepesi, akapanda hatua kwa hatua, wala haruki asilolieleza. Wako wanaolalamika kwamba huenda mbio, na kwamba kazi wanazompa azisahihishe hurudi baada ya mtihani kupita. Na wako wasemao tu kwamba ni mkali, wakaishia hapo.

Maoni haya si ya aina moja. Ugumu wa somo ni jambo moja, wingi wa kazi ni la pili, na ubora wa ufundishaji ni la tatu. Anayeyachanganya humdhulumu mwalimu, na pengine hujidhulumu mwenyewe. Mwaka 2010 wanauchumi wawili, Scott Carrell na James West, walichapisha utafiti kuhusu chuo cha jeshi la anga la Marekani, ambako wanafunzi hupangiwa wahadhiri pasi na kuchagua. Wahadhiri ambao wanafunzi wao walipata alama nzuri katika somo la mwanzo ndio waliosifiwa zaidi; lakini wanafunzi hao hao, kwa wastani, walifanya vibaya zaidi katika masomo ya juu yaliyofuata. Hatusemi kwamba kila profesa mgumu ni mwema. Twasema tu kwamba wepesi wa leo si dalili ya kutosha ya elimu ya kesho.

Ama wingi wa kazi, huo huhesabika. Vyuo vya Ulaya vina kipimo chao: mwaka mmoja wa masomo ni krediti 60, na kila krediti ni saa 25 hadi 30 za kazi, darasani na nje ya darasa. Hizo ni saa 1,500 hadi 1,800 kwa mwaka. Tulimwomba binti arudipo chuoni aandike saa zake kwa wiki moja, kila somo peke yake.

Daftari lake lilitufunza jambo ambalo hakuna aliyelitaja. Wenziwe wengi ni wavulana, na hukutana bwenini kwao baada ya Isha kujadili maswali. Yeye hawezi kwenda huko, wala mamake asingeridhia. Kwa hiyo swali wanalolifungua wao kwa saa moja, yeye hulihangaikia peke yake kwa saa tatu. Karatasini kazi ilikuwa sawa kwa wote. Mabegani haikuwa sawa.

Hapo shauri likapatikana. Wasichana watatu wa darasa lile walianza kukutana maktabani baada ya Alasiri. Wawili kati yao walikwenda ofisini kwa profesa, saa za kazi, na maswali yao yameandikwa. Aliwapokea vyema, akawaonyesha walipokuwa wakipoteza njia. Ila kuhusu kazi zinazochelewa kurudi, hakuna kilichobadilika.

Mwisho wa muhula chuo kiliwapa wanafunzi fomu ya kumtathmini mhadhiri. Binti alitupigia simu, ana hofu: je, kuandika ubaya wa mwalimu si kusengenya? Suratul Hujurat imekemea usengenyaji kwa makemeo makali. Lakini Imamu Nawawi, katika Riyadhus Salihin, ametaja hali sita ambazo kumtaja mtu kwa asilolipenda huruhusiwa kwa haja ya kisheria, na miongoni mwazo ni kumshtakia mwenye mamlaka na kutaka msaada wa kuondoa kosa. Fomu ile ni ushahidi, na Suratul Maida, aya ya 8, yatuonya kwamba chuki isitutoe katika uadilifu. Vilevile twakumbuka kisa cha Nabii Musa na Khidhri katika Suratul Kahf: mwanafunzi aliuliza kabla ya wakati, na mwalimu hakuagana naye ila baada ya kumweleza sababu ya kila alilolitenda. Subira ni ya mwanafunzi, na maelezo ni deni la mwalimu.

Basi aliandika matatu: kwamba somo lafundishwa kwa mpango, kwamba hesabu za kila wiki zilimjenga, na kwamba kazi zirudipo baada ya mtihani hazimfai tena mwanafunzi. Hakuandika kwamba profesa ni mkali.

Kwa wazazi wenzetu: mtoto akilalamika, muulizeni kwanza ni somo, ni wingi wa kazi, au ni ufundishaji. Muulizeni anasoma na nani. Kisha muulizeni kama amekwisha kumwendea mwalimu mwenyewe. Kila siku watu wetu huvuka daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980, pasi na kuwaza juu ya hesabu zilizolisimamisha. Kuna mtu aliyezifanya, na kuna mwalimu aliyezikataa zilipokuwa na kosa. Binti yetu bado yumo katika kozi ile; muhula ujao ana somo gumu kuliko hilo. Tumwombee, na wenziwe wote.

Wabillahi tawfiq.