Kwa Nini Hatugusi Akaunti Isiyohitaji Kuguswa

Umewahi kupata ule ujumbe wetu kwamba huduma haitapatikana kuanzia saa sita usiku? Wateja hutuuliza: kwani huwa mnafanya nini masaa hayo yote, na mtu wa boda ananisubiri nimlipe? Ni swali la haki.

Mara nyingi tunabadilisha akaunti nyingi kwa pamoja, tuseme kikomo cha kutuma pesa kwa siku. Hifadhidata yetu ni PostgreSQL. Kabla haijathibitisha badiliko lolote, huliandika kwanza kwenye logi. Stima ikipotea katikati ya kazi, logi ndiyo hurejesha kila kitu. Kwa hivyo kuizima ili kazi iende mbio, hapana. Hapo ni pesa zako.

Lakini logi haibagui badiliko la maana na la bure. Chukua mfano wa akaunti milioni moja, na 900,000 kati yake tayari zina kikomo kipya. Ukiamuru zote ziwekewe kikomo hicho, PostgreSQL itaandika nakala mpya ya kila rekodi, hata zile ambazo hazijabadilika, na zote ziingie kwenye logi. Tena rekodi moja ndogo inaweza kuingiza humo ukurasa mzima wa kilobaiti 8. Usiku mmoja tulifanya hivyo. Diski ya logi ikajaa, mfumo ukasimama, na asubuhi watu wakakwama kwenye stage bila nauli.

Siku hizi amri yetu ina sharti mwishoni:

WHERE kikomo IS DISTINCT FROM 500000

Yaani, gusa tu akaunti ambazo kikomo chake si hicho. Mwanzoni tulitumia alama ya <>, kumbe hiyo huziruka akaunti ambazo sehemu hiyo iko tupu.

Zinazobaki tunazipeleka kwa mafungu ya 5,000, kila fungu likithibitishwa peke yake. Mafungu hayapunguzi logi, tusidanganyane. Ila akaunti inayobadilishwa hufungwa hadi kazi ithibitishwe, na kwa fungu dogo hutasubiri sana. Tukipumzika kidogo katikati, mfumo nao hupata nafasi ya kuondoa logi ya zamani.

Ukituma pesa masaa hayo na SMS isije, angalia salio kwanza kabla ya kutuma tena. Kama limepungua, muamala wako ulithibitishwa na uko kwenye logi. Ni ujumbe tu umechelewa.